Majina Mawili ya Kwanza

Dakika tatu! Ndizo walizonipa kwenye hafla ya kumuaga Mama Pini anayestaafu. Mshereheshaji akanionyesha vidole vitatu, nikasimama, nikasema "Ndugu wageni waalikwa," nikaangua kilio, dakika zikaisha. Nikarudi kukaa na pua imejaa. Basi yale yaliyonishinda kule nayasema hapa, na hapa hakuna wa kunionyesha vidole.

Kwanza mjue Mama Pini si jina lake. Ni sisi wanafunzi tuliombatiza. Katika karatasi za utumishi alikuwa mhudumu wa ofisi ya mlezi wa wanafunzi: kufagia, kuchemsha chai, kupeleka barua idara hadi idara. Lakini sisi tulimjua kwa ubao wa matangazo, ule mrefu wa ukumbi wa chini, kati ya mlango wa maktaba na ngazi. Kila Jumatatu saa moja asubuhi ungemkuta pale juu ya kigoda, miwani imeteremka puani, pini tano sita amezibana midomoni. Ukimwamkia anakuitikia kwa nyusi.

Ubao ule aliugawa mwenyewe kwa kamba nyekundu, sehemu tatu, na kila sehemu akaiwekea kichwa kwa mwandiko wake. Ya kwanza ilisema "Wiki hii." Ya pili, "Wiki ijayo." Ya tatu, yenye mambo ya mwezi mzima mbele, ilisema "Msije mkasema hamkuambiwa." Humo ndimo yalimokaa yote: semina ya kuandika barua za kazi, mdahalo wa vyuo, mafunzo ya huduma ya kwanza, ziara ya kwenda kuona mitambo ya umeme, mhadhara wa daktari wa macho. Jambo likishapita, kabla ya jioni tangazo lake limeshabanduliwa. Alikuwa akisema tangazo lililopitwa na siku ni uongo, na yeye hakuajiriwa kubandika uongo.

Ngoja nicheke kidogo hapo. Maana uongo aliubandika, tena miaka tisa mfululizo.

Alinisimulia mwenyewe baadaye, na mimi nawasimulieni sasa hivi ili msihangaike. Zamani, siku moja alikuwa akifuta vioo vya ukumbini, akawa anatazama wanafunzi wanavyosoma tangazo la huduma ya kwanza. Chini ya kila tangazo huwa kuna karatasi ya mistari ya kujiandikisha. Walipita labda arobaini. Walisoma, walitikisa vichwa, wengine waliguna kwa hamu kabisa. Hakuna aliyeandika. Msichana mmoja alitoa kalamu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akairudisha kalamu mfukoni akaenda zake. Mama Pini akaelewa palepale. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Jina lako likikaa peke yake juu ya karatasi tupu, kila apitaye anauliza, "Huyu naye nani, anajifanya nani?" Tulikuwa watu wa ajabu sana, jamani. Tungeweza kugombania kiti cha maktaba mpaka vitabu vidondoke, lakini kuandika jina la kwanza, hapana.

Basi akashuka kwenye kigoda, akachukua kalamu, akaandika majina mawili. La kwanza la shemeji yake, mume wa dada yake, fundi viatu ambaye hajawahi kukanyaga chuo chochote. La pili la mama yake mdogo, ambaye enzi zake alitaka sana kusoma, akakatazwa, na ambaye siku hiyo alikuwa ameshafariki. Akarudi kwenye vioo vyake. Kabla ya saa sita karatasi ilikuwa na majina kumi na tisa.

Tangu siku hiyo hakukuwa na karatasi tupu pale ukumbini. Shemeji alijiandikisha semina zote. Alijiandikisha mdahalo, kuchangia damu, kwaya, kompyuta kwa wanaoanza. Kwa karatasi, hapakuwa na ukoo uliotafuta elimu kuliko ule. Mwenyewe alikuwa kibandani kwake anagonga soli, hana habari.

Na madhara hayakuwepo, ndivyo alivyojipa moyo. Viti vya ukumbi havihesabiwi. Katika miaka yote tisa, hakuna orodha hata moja iliyowahi kujaa mpaka mstari wa mwisho. Nani angefikiria siku moja ingejaa?

Sasa nije kwangu, na hapa sitajipendelea.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea ufundi wa mashine za hospitali. Kanuni ya chuo ilikuwa moja na haina mjomba: mwanafunzi asiyefanya mafunzo ya vitendo wiki sita katika likizo ndefu haingii mwaka wa tatu. Anarudia. Mimi nilikuwa nimepata nafasi mapema, hospitali kubwa tu, nikaipoteza siku ya nne. Nilimwambia fundi wao, mbele ya wauguzi, kwamba amefunga nyaya kinyume. Alikuwa amefunga kinyume kweli. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu mzima, na mimi namna hiyo sikuzaliwa nayo. Alinionyesha mlango. Nikaandika barua sehemu saba nyingine. Tano hawakujibu, mbili walijibu kwamba wamejaa.

Na kurudia mwaka nisingeweza. Aliyenisomesha ni kaka yangu, fundi cherehani, ambaye aliacha masomo yake mwenyewe ili mimi niendelee. Nilipomwambia ya hospitali hakunigombeza. Nilisikia cherehani inazunguka kwenye simu, kisha akasema, "Dada, mwaka huu na ujao nimeshajipanga. Wa ziada sina. Ukirudia utakuja tushone wote." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza hali ilivyo, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya likizo, nashuka ngazi saa mbili asubuhi, nakuta tangazo jipya. Karakana ya kutengeneza mashine za hospitali inapokea wanafunzi kwa wiki sita. Mashine za kutunzia watoto njiti, za oksijeni, za kusafishia vifaa vya upasuaji. Malazi yapo. Nafasi kumi na mbili. Moyo ulinipiga paa. Nikaitazama karatasi ya kujiandikisha: imechorwa mistari kumi na miwili kwa rula, na juu kabisa majina mawili.

Majina nisiyoyajua. Darasani kwetu hayamo. Na mimi, kichwa changu kibovu, nikasema kimoyomoyo: ehe, wenyewe wameshawahi. Hawa ni watoto wa ndugu wa mtu. Jambo limeshagawanywa ofisini, hapa tunabandikiwa kwa adabu tu. Mimi sijiandikishi nikaonekana naombaomba. Nitaangalia kwanza kama ni la kweli. Nikapandisha mabega nikaenda maabara.

Mnaona sasa? Majina yaliyowekwa ili mwoga asogee, mimi yalinifukuza. Mchana nikapita tena, majina matano. Jumanne, saba. Kila nikipita najiambia nitarudi baadaye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu lilikuwa limeshaanza kuuma ila najitia hamnazo.

Jumatano asubuhi kaka akapiga simu. Nikamweleza habari za karakana.

"Umejiandikisha?"

"Bado. Naangalia kwanza."

"Unaangalia nini? Jina lako hulioni vizuri?"

Nikakata simu nikakimbia. Kutoka bwenini hadi ukumbini ni dakika sita. Nilitumia mbili, kandambili moja mkononi. Nikafika. Kumi na mbili. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa wino bado unang'aa.

Mama Pini alikuwa juu ya kigoda chake, anabandika mambo ya wiki ijayo. Nikatoa kalamu, nikaanza kuchora mstari wa kumi na tatu kwa mkono. Akashuka, akatoa pini midomoni, akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo imeshafungwa. Ni kumi na wawili tu."

Sijui niwaelezeje. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na aliyesimama mbele yangu alikuwa yeye. Nikamvaa. Nikamwambia yeye kazi yake ni kubandika karatasi, anajua nini kuhusu masomo ya watu? Nikamwambia majina mawili ya juu yale ni ya watoto wa wakubwa, na yeye anajua, na anakula nao. Nikamwambia watu kama yeye ndio wanaofunga milango ya wenzao kwa sababu wao haikuwafungukia. Nilisema hivyo. Hata mlango wa maktaba ulikuwa umefunguka watu wanachungulia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile sikujikwaa, nilianguka kifudifudi.

 Yeye aliangalia ile orodha muda mrefu, juu pale, kwenye majina mawili. Kisha akarudisha pini midomoni, akapanda kigoda. Nikadhani amenidharau. Nikaondoka nalia kwa hasira.

Hapa kuna jambo la kujua kuhusu mlezi wa wanafunzi, kwa maana ndiye aliyeshika mpini. Tulimwita Bwana Muhuri. Alikuwa amekuja chuoni mwaka ule, mtu mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, haamini kitu kisicho na mhuri. Alikuwa amekuta wanafunzi wanafutana majina kwenye orodha, wakakomeshwa: jina likishaandikwa halifutwi ila kwa sahihi ya mwenyewe, akiwa na kitambulisho cha chuo mkononi. Na aliapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba mtumishi atakayechezea orodha yoyote atafungasha siku hiyohiyo. Sasa piga hesabu yako. Mama Pini asingeweza kuchukua kalamu akakata tu. Shemeji hana kitambulisho cha chuo. Mama mdogo ndiyo usiseme. Na Ijumaa saa sita mchana dereva angepeleka orodha karakana, huko watengeneze vibali vya kuingilia getini, na baada ya hapo haiongezwi mtu. Mama Pini mwenyewe alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Alhamisi nilienda kwa Bwana Muhuri kubembeleza. Hakuwepo. Ijumaa nikaenda tena saa nne, nikakalia benchi la nje mpaka saa tano, nikaitwa.

Ofisi yake ilikuwa na meza mbili, kabati la chuma la mafaili, na dirisha linalotazama uwanja wa mpira wa wavu. Orodha ilikuwa mezani, juu ya bahasha ya kaki. Niliieleza shida yangu yote. Nilijitahidi, nakuambieni, niliongea kama mtoto wa watu. Nikamtajia kaka, nikamtajia zile barua saba, hata ya nyaya nilimwambia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nakuelewa, binti. Lakini kumi na mbili ni kumi na mbili. Nikikuingiza wewe, nimtoe nani? Kama kuna mmoja angekuja kujitoa mwenyewe, hapo sawa."

"Hakuna atakayejitoa, mzee."

"Basi."

Neno moja tu. Nikaona cherehani. Nikajiona nimeinama nashona kola za watu, na kaka ng'ambo ya meza haniangalii usoni kwa kunionea huruma. Nikasimama niondoke.

Mlango ukagongwa. Akaingia Mama Pini na sinia ya chai. Nikaangalia chini, sikuwa na uso wa kumtazama. Akaweka kikombe, akaweka sukari, akabaki amesimama pale na sinia tupu kifuani.

"Asante, mama," Bwana Muhuri akasema, maana yake nenda.

Hakwenda. "Bwana mkubwa, hao wawili wa juu hawaji."

"Nani?"

"Namba moja na namba mbili. Hawaji karakana."

Bwana Muhuri akavuta orodha. "Umejuaje? Wamekwambia?"

"Namba moja ni shemeji yangu. Ni fundi viatu."

"Anasoma idara gani?"

"Hasomi. Ni fundi viatu."

Nikainua kichwa. Bwana Muhuri alikuwa ameshika kikombe hewani. "Na namba mbili?"

"Mama yangu mdogo. Huyo ameshatangulia mbele ya haki, mwaka wa kumi sasa."

 Kisha akaeleza. Alieleza yote, amesimama, bila kujitetea: wale arobaini, msichana na kalamu yake, karatasi tupu. 

Bwana Muhuri akainuka. Akafungua kabati la chuma, akatoa faili nene, akaanza kufunua orodha za zamani. Anafunua, anaweka kidole, anafunua.

"Semina ya barua za kazi. Yumo. Mdahalo. Yumo. Kuchangia damu, yumo! Ziara ya mitambo ya umeme..." Akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Huyu shemeji yako ni mwanamume?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Mbona amejiandikisha semina ya uongozi kwa wasichana?"

"Siku ile karatasi ilikuwa tupu sana," Mama Pini akasema.

Mungu anisamehe, nilicheka. Lilinitoka tu, puu, kwa pua, na machozi yangu usoni. Bwana Muhuri akanikata jicho nikaufyata. Lakini nilimwona mdomo wake ukimcheza pembeni kabla hajaukaza.

Akakaa. Akavua miwani. "Mimi nimepeleka taarifa juu kwa hesabu hizi, mama. Kwa sahihi yangu." Hilo lilimuuma na alikuwa na haki. "Nikuulize. Ungenyamaza, nani angejua? Mpaka unastaafu hakuna ambaye angejua."

Mama Pini akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu mbiombio.

"Miaka tisa nimeandika wasiokuwepo ili waliopo waje," akasema. "Huyu amekuja. Amekuja na matusi, lakini amekuja. Sasa nimwambie arudi, kiti chake kimekaliwa na marehemu?"

Nitaeleza kwanza yaliyompata, nisije nikasahau, halafu nitarudi kwenye dakika hiyohiyo, maana bado haijaisha.

Hakufukuzwa. Bwana Muhuri alimwandikia barua ya onyo, ya mwisho, yenye mhuri, akamnyang'anya ubao. Mwaka mzima aliosha vikombe jikoni nyuma ya ukumbi wa mikutano, kazi ya mtu aliyeajiriwa jana, na wadogo zake kazini walimcheka. Mimi nilikwenda karakana. Wiki sita nilifungua mashine na kufunga mashine, nikajifunza nyaya, na nikajifunza, kwa shida, kusema "Samahani mkuu, tuangalie hapa tena kidogo" badala ya lile ambalo ningesema. Nafasi ya pili, kabla orodha haijaondoka, alipewa kijana wa darasa letu aliyekuwa hata hajathubutu kuuliza. Niliingia mwaka wa tatu, nikamaliza. Leo natengeneza mashine za watoto njiti katika hospitali tatu, na kaka yangu amerudi shule ya jioni, mtu mzima na kipara chake, ananipigia simu nimsaidie hesabu.

Siku niliyorudi kutoka karakana nilimfuata jikoni kumwomba radhi. Nilikuwa nimeipanga hotuba njia nzima. Sikufika hata nusu. Akanipa kitambaa, akasema, "Futa vikombe, utaongea huku unafuta." Tukafuta vikombe themanini na kitu. Ndiyo siku aliyonisimulia habari za mama yake mdogo. Kuhusu matusi alisema tu kwamba moja lilimgusa kweli, lile la mlango, na kwamba alishalisamehe palepale juu ya kigoda ila midomo ilikuwa na pini.

Na ubao? Ubao ulikufa. Karatasi zilikaa nyeupe muhula mzima. Mgeni mmoja alitoka mbali kuja kufundisha, akakuta watu wanne, mmoja wao mlinzi. Mwishowe Bwana Muhuri alikwenda jikoni kwa miguu yake, akamwekea kopo la pini mezani bila kusema kitu. Mama Pini akarudi ubaoni, safari hii bila shemeji. Alisimama pale ukumbini, kalamu mkononi, anamkamata mpita njia mkono: "Wewe, unapenda mambo ya umeme, nakuonaga. Andika." Ukimwambia utaandika kesho, anakuuliza kama kesho umeshaizungumza nayo. Sijui ni wangapi walikwenda mahali kwa sababu ya mkono ule. Ninaowajua mimi, vidole havinitoshi kuwahesabu.

Namshukuru. Nasema bila kumung'unya maneno: nilichonacho kimepita mikononi mwa mwanamke niliyemtukana hadharani. Hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu, na hakuwa na deni kwangu. Alikuwa na sare moja na miaka mitatu ya kazi, akaviweka mezani pamoja na kikombe cha chai.

Sasa turudi ofisini, Ijumaa, saa tano na nusu.

Bwana Muhuri aliitazama saa ya ukutani. Dereva alikuwa ameshawasha gari nje, tunalisikia. Mpiga chapa wake, ambaye angeichapa orodha upya, alikuwa amekwenda benki. Akaisukuma ile orodha hadi ukingo wa meza, akaweka kalamu juu yake.

"Umeyaandika wewe, uyakate wewe," akamwambia Mama Pini. "Sahihi yako kila ulipokata. Ya kwako nitashughulika nayo Jumatatu. Na mwandike huyu."

Mama Pini akaegemeza sinia kwenye mguu wa meza. Akapangusa mikono kwenye sare, mbele na nyuma. Akainama, akamkata shemeji kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi. Kwa mama yake mdogo alichelewa kidogo. Kalamu ilikaa juu ya lile jina bila kugusa, kisha akalikata nalo, taratibu, herufi zote bado zinasomeka. Akatia sahihi.

Halafu akaisogeza kalamu pembeni ya namba moja, penye nafasi, akageuka kunitazama. Lilikuwa jicho la mtu anayemwona mwenzake kwa mara ya pili tu maishani.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Hakulijua. Alikuwa ametoa kila kitu chake kwa mtu ambaye hata jina lake halijui. Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilifungua huo mdomo na hakikutoka kitu. Akanisubiri. Dereva akapiga honi. Bwana Muhuri akataka kusema neno, Mama Pini akamnyanyulia kiganja, yeye, mhudumu, akamnyanyulia mlezi wa wanafunzi kiganja kwamba atulie, na akaendelea kunisubiri. Nikalitaja. Akasema, "Sikusikia, mwanangu, sema tena," nikalitaja tena kwa sauti, la kwangu, la baba na la babu, na yeye akaliandika lote.